Majani Makavu Yenye Majina

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, Kilangali, Wilaya ya Kilosa. Mwalimu alisome mara moja polepole, kisha wanafunzi wasome kwa zamu.)

Najua wengine wenu mmetoka shambani sasa hivi, na matope ya majaruba bado yako miguuni. Kaeni vizuri. Wenye miwani vaeni miwani zenu, na mwalimu atusaidie kunyamazisha watoto walio mlangoni.

Wiki iliyopita tulijifunza kuandika barua. Leo twataka kujifunza kuandika kitu kifupi kuliko barua, ambacho hata hivyo chaweza kuishi miaka mingi kuliko yule aliyekiandika. Nacho ni kikaratasi kinachobandikwa pembeni mwa jani lililokaushwa.

Huenda mzee mmoja hapo nyuma anacheka na kusema, "Majani makavu? Sisi twayachoma moto kila mwaka kabla ya kulima!" Ngoja kidogo, mzee wangu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko nyumba ambamo majani makavu huwekwa kabatini na kulindwa kama hati za mashamba. Nyumba ya namna hiyo huitwa hebaria. Hebaria ni maktaba, walakini badala ya vitabu imejaa mimea. Kila mmea umelazwa juu ya karatasi ngumu, umeshonwa au kubandikwa usianguke, na pembeni kuna kile kikaratasi nilichokitaja. Watu huingia humo kuusoma mmea kama ninyi mnavyosoma ukurasa huu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha kazi hii kuliko mwalimu yeyote.

Nilipokuwa mwanafunzi wa stashahada nilipata nafasi ya kufuatana na watu waliokuja kukusanya mimea katika wilaya hii yetu, upande wa milima ya Rubeho. Mimi sikuwa mtaalamu wa mimea. Kazi yangu ilikuwa kubeba kibanio na kuandika katika daftari. Tulikuwa na mzee mmoja wa kijiji aliyetuonyesha njia. Mzee huyo hakujua kusoma hata herufi moja, lakini sikumbuki mti uliompita pasipo kuutaja jina. Huu ni wa mipini ya majembe. Huu huutwangi, waunusa tu. Huu mbuzi hula, ng'ombe hali. Alikuwa akisema huku anatembea, wala hakugeuka nyuma kutazama kama twaandika.

Siku ya tatu, mchana, kando ya kijito kimoja, alituonyesha kichaka kifupi chenye maua meupe. Alituambia jina lake na kazi yake, na jinsi mama yake alivyokuwa akiutumia mzizi. Nikakata tawi, nikalilaza katika gazeti. Kwa kuwa mvua ilikuwa inakaribia na mimi nilikuwa nimechoka, nikasema moyoni: nitaandika jioni. Jioni ilipofika tulikuwa na matawi thelathini na zaidi, na mimi nilikuwa nimesahau lile jina. Hata kijito sikukumbuka ni cha pili au cha tatu. Nikaandika "Kilosa" basi, nikaenda kulala.

Mtunzaji wa mimea alipoliona tawi lile hakunigombeza. Aliuliza tu limetoka wapi, kimo gani, jina gani, nani alilisema. Sikuwa na jibu. Akaliweka kando, mbali na yale mengine. Mwaka uliofuata nilirudi kumtafuta yule mzee nimwulize tena. Nilionyeshwa kaburi lake. Na kando ya kijito, mahali nilipodhani ndipo, palikuwa na matanuru ya mkaa.

Basi tazameni jambo hili, ndugu zangu. Mzee alijua kila kitu wala hakujua kuandika. Mimi nilijua kuandika wala sikuandika. Mpaka leo siwezi kusema ni nani kati yetu aliyekuwa mjinga, ila nadhani mwaweza kukisia.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Wakusanyaji wa mimea hawaendi porini hivi hivi. Kwanza hutafuta kibali cha utafiti, kisha hufika ofisi ya wilaya na ofisi ya kijiji kujitambulisha. Kama ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, haikatwi hata nyasi moja bila ruhusa ya wenye hifadhi. Misitu ya serikali, kama ule wa Ukwiva katika milima ya Rubeho au Mamiwa Kisara kule Ukaguru, nayo ina wenyewe. Kwa hiyo akija mtu kijijini na mkasi na magunia, akaanza kung'oa mizizi bila kuonyesha barua yoyote, yafaa mumpeleke kwa mwenyekiti kwanza, hata akiwa amevaa viatu vizuri.

Vyombo vyao si vingi. Wana mkasi wa kukatia matawi, jembe dogo, magazeti ya zamani, na kibanio. Kibanio ni fremu mbili za mbao zenye ukubwa kama wa gazeti lililokunjwa, na mikanda miwili ya kuzikaza. Katikati hupangwa gazeti lenye mmea, karatasi ya kunyonya maji, na kipande cha boksi ili hewa ipite. Kisha gazeti jingine, na kuendelea hivyo mpaka kibanio kinene kama mto wa kulalia. Tena wana penseli. Nasisitiza penseli, maana wino ukinyeshewa mvua hutambaa, na kazi ya siku nzima hugeuka madoa ya buluu.

Tawi la kukusanya halichaguliwi ovyo. Yatakiwa liwe na majani, na maua au matunda, au vyote. Jani peke yake hudanganya, kwa sababu mimea mingi hufanana majani kama watu wanavyofanana migongo. Ua ndilo uso. Kama ni mmea mdogo huchimbwa pamoja na mizizi yake na kutikiswa udongo. Jani moja au mawili hugeuzwa ili upande wa chini uonekane, kwa kuwa huko mara nyingi kuna vinyweleo au vidoa vinavyotofautisha mmea huu na ndugu yake.

Kisha huandikwa mambo ambayo jani likikauka haliwezi kuyasema lenyewe. Ua lilikuwa na rangi gani? Rangi hufifia. Lilinukia? Harufu hupotea. Mti ulikuwa mrefu kiasi gani? Tawi haliwezi kukuambia. Ulikua mbugani, mlimani, kando ya maji, au katika shamba lililoachwa? Wenyeji wauitaje, na kwa lugha ipi, kwa kuwa Msagara na Mkaguru na Mvidunda huenda wakauita majina matatu. Siku hizi wakusanyaji huandika pia kipimo cha mahali kutoka katika chombo kinachopokea ishara za setilaiti, walakini hata chombo hicho hakijui jina ambalo bibi yako aliuita mmea.

Na kila mmea hupewa namba. Mkusanyaji huanza na namba moja siku yake ya kwanza kazini, na huendelea kuhesabu mpaka atakapostaafu, wala harudii namba. Aghalabu hukata matawi kadhaa ya mmea ule ule, yote yakapewa namba ile ile, yakagawanywa: moja hubaki Dar es Salaam, jingine huenda Arusha kwenye Hebaria ya Taifa, jingine Nairobi, jingine ng'ambo.

Hapa mtu atauliza, "Kwa nini tugawe mali yetu?" Ni swali la haki, na nitalijibu kwa kisa cha moto.

Wadachi walipotawala nchi hii walikusanya mimea mingi sana, wakaipeleka Berlin, mji wao mkuu. Huko ndiko mimea mingi ya Tanganyika ilikopewa majina ya kitaalamu kwa mara ya kwanza. Mwezi wa Machi 1943, katika Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliangukia jumba la mimea la Berlin. Likawaka. Sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa iligeuka majivu usiku ule, na mimea ya kwetu ikiwamo. Kwa mimea kadhaa, kilichookoka ni yale matawi pacha yaliyokuwa yamepelekwa miji mingine. Pale ambapo hapakuwa na pacha, wataalamu iliwabidi warudi porini kutafuta upya, na pengine pori lenyewe lilikuwa limekwisha. Hiyo ndiyo sababu ya kugawa.

Wadachi hao pia walianzisha kituo cha utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902. Mimea iliyokaushwa ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, ndiyo ikawa Hebaria ya Afrika Mashariki. Na mtaalamu mmoja aliyefanya kazi Amani na baadaye Nairobi, Bwana Greenway, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Majina hayo hakuyapata kichwani mwake. Kila jina alilisema mtu fulani aliyesimama chini ya mti, kama yule mzee wangu, na mtu fulani akaliandika papo hapo. Papo hapo, ndugu zangu, si jioni.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kikajenga hebaria yake. Miongoni mwa walioitunza ni Bwana Leonard Mwasumbi na Bwana Frank Mbago, ambao walitembea misitu mingi ya nchi hii. Matokeo ya kazi ya watu kama hao, Waafrika na wageni, yalitiwa katika mfululizo mkubwa wa vitabu juu ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1952. Cha mwisho kilitoka mwaka 2012. Miaka sitini! Waliouanzisha mfululizo hawakuuona ukiisha. Ndani yake mna aina zaidi ya 12,000 za mimea.

Sasa nisikilizeni juu ya mti mmoja. Katika miaka ya 1930 Mdachi aitwaye Schlieben alikusanya mimea upande wa Lindi, karibu na ziwa Lutamba. Miongoni mwake palikuwa na matawi ya mti wenye miiba shinani na maua mekundu. Wataalamu waliupa jina la Erythrina schliebenii, yaani walilitumia jina lake. Baada ya hapo mti haukuonekana. Mwaka 1998 ukaandikwa katika orodha ya dunia ya viumbe waliotoweka. Umekwisha, kama mtu aliyefutwa katika daftari la kodi. Walakini baadaye ukaonekana tena, katika mabaki ya msitu huko Kilwa, na mwaka 2011 wataalamu, wakiwamo Bwana Mbago na Bwana Cosmas Mligo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakachapisha habari zake pamoja na za mti mwingine uliodhaniwa umekufa. Ilikuwa miti michache sana. Lakini mtu akiuona mti porini atajuaje kwamba ndio ule uliopotea, hali yeye hajapata kuuona? Hujua kwa sababu liko tawi kavu kabatini, la miaka ya 1930, nalo lina kikaratasi. Bila kikaratasi wangepita chini yake wakaona miiba tu.

Najua wengine wasema kimoyomoyo, "Hayo ni ya Kilwa na Lindi. Sisi Kilangali twalima mpunga." Vyema, twende kwenye mpunga.

Ninyi mwajua kuliko mimi kwamba katika mabonde yenye maji kuna mpunga mwitu. Uko ule mrefu wenye mizizi inayotambaa chini ya udongo, ambao ukiung'oa leo kesho umechipua mahali pengine. Punje zake hudondoka kabla hujaweza kuzivuna. Mkulima huulaani, na mimi simlaumu, maana nimepalilia jaruba la mjomba wangu na mgongo wangu wakumbuka.

Mmea huo wataalamu huuita Oryza longistaminata. Jina la kitaalamu lina sehemu mbili, kama sisi tulivyo na jina la ukoo na jina letu wenyewe. Desturi hii ya majina mawili ilitiwa nguvu na Mswidi aliyeitwa Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Oryza ni ukoo wa mpunga. Mpunga wetu wa kupikia, kama Supa na Saro, huitwa Oryza sativa, na asili yake ni Asia. Kwa hiyo hata kabla ya kujua jambo jingine lolote, jina peke yake limekwisha kutuambia kwamba gugu lile ni ndugu wa chakula chetu.

Sasa, uko ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga kuanzia kwenye ncha na kingo, ukaharibu mavuno katika nchi nyingi. Mpunga mwitu wa aina hiyo ulichukuliwa kutoka nchi ya Mali, Afrika Magharibi, ukapelekwa India. Huko wakaona kwamba ugonjwa ule hauushiki. Wataalamu wa taasisi ya mpunga iliyoko Ufilipino wakauchanganya na mpunga wa shambani, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata mpunga wenye punje za kulika na kinga ya gugu. Mwaka 1995, huko Marekani, wataalamu wakaitambua kabisa sehemu ndogo ya mbegu inayoleta kinga hiyo. Na yote yalianza kwa mtu aliyekwenda bondeni akachukua mmea ambao wenye mashamba hawakuupenda, akaandika ameutoa wapi.

Sisemi muache kupalilia. Palilieni! Nasema tu kwamba, kabla ya kuufyeka mmea wa mwisho kando ya mto, ni vizuri tawi lake moja liwe limelala mahali penye jina na tarehe.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na vyungu vyetu. Wakati wa njaa watu huchimba viazi vya mwituni. Kipo kiazi kimoja kikuu cha mwituni chenye sumu, ambacho hulika tu baada ya kukatwa vipande na kulowekwa majini siku kadhaa. Asiyefanya hivyo huweza kupata kifafa, hata kufa. Wataalamu hukiita Dioscorea dumetorum. Shina lake lina miiba, na jani lake limegawanyika vijani vitatu, ambapo ndugu zake wengi wanaolika wana jani moja lenye umbo la moyo. Vijani vitatu, kumbukeni. Daktari akiletewa mgonjwa, na nyumbani kwa mgonjwa kukapatikana ubua wenye majani, mtu wa hebaria aweza kuulinganisha na mimea ya kabatini akasema ni upi. Lakini akiletewa jina tu, jina ambalo huku ni la kiazi salama na kijiji cha pili ni la kiazi cha sumu, atafanyaje? Kwa hiyo mkienda zahanati kwa shida ya namna hiyo, chukueni mmea wenyewe.

Nafikia kazi ya wiki hii. Kila mwanafunzi achague mmea mmoja anaoujua vizuri, ulio katika shamba lake au kando ya nyumba yake, wenye ua au tunda. Asichukue uliomo hifadhini. Alaze tawi lisizidi urefu wa gazeti lililokunjwa, alinyooshe majani, ageuze jani moja, alifunike, kisha aweke juu yake ubao na jiwe zito. Kila siku abadilishe gazeti, maana gazeti bichi huleta ukungu. Baada ya siku saba, kama jua si haba, litakuwa kavu.

Lakini kikaratasi kiandikwe siku ile ile ya kwanza, kwa penseli, hapo hapo ulipokata. Mwalimu ataandika mfano ubaoni, nanyi mwige, kila mtu atie mambo yake:

Jina la mmea kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Umepatikana Kilangali, kando ya mfereji wa maji, karibu na daraja. Kimo, mpaka magotini. Ua ni la manjano, halinukii. Umekatwa na fulani binti fulani, tarehe, mwezi, mwaka. Aliyesema jina ni fulani.

Mstari huo wa mwisho msiuache. Kama jina mmelipata kwa bibi au kwa jirani, mwandikeni yeye. Mama mmoja aliniuliza katika darasa jingine, "Na nikikosea herufi?" Nilimjibu kwamba herufi iliyokosewa yaweza kusahihishwa miaka mia baadaye. Mahali pasipoandikwa hapawezi.

Wiki ijayo, siku na saa kama hii, mwalimu atayakusanya majani yote na kila mmoja atasoma kikaratasi chake kwa sauti mbele ya wenzake. Wazee wasioweza kufika darasani waombwe waje siku hiyo, hata kama hawasomi. Tutahitaji watu wa kutuambia pale tulipokosea majina.

Kwaherini, wasikilizaji. Mwalimu, sasa wape penseli.